Mama anaandika, mtoto yumo kwenye maji: ukurasa wa Daumier kutoka soko la Brussels

*"Mume wangu alininunulia picha ya zamani kwenye soko la Jeu de Balle hapa Brussels, siku niliyowasilisha sura ya kwanza ya tasnifu yangu ya uzamivu. Inaonyesha mwanamke anaandika, na mtoto wake ametumbukia kichwa kwanza ndani ya beseni la kuogea, miguu juu. Juu kumeandikwa Les Bas-Bleus na namba 7. Muuzaji alisema ni litografia halisi ya Honoré Daumier ya mwaka 1844, lakini nyuma kuna maandishi ya gazeti, karatasi imekuwa ya manjano na ina madoa ya kahawia. Rafiki yangu anasema ni ukurasa wa gazeti usio na maana, na kwamba niuloweke kwenye maji yenye jiki kidogo kisha niugandishe kwenye kadibodi. Kuna jambo linanisumbua zaidi. Nina watoto wawili, na kila nikiitazama naona ninasemwa mimi. Je, huyu mchoraji aliwadharau wanawake wasomi? Niitundike au niifiche?"*

Dada yangu, kabla ya yote: usiiloweke, na jiki isiisogelee. Mengine tutayazungumza taratibu, lakini hilo ukishalifanya hulirudishi nyuma.

Maswali yako nayaona mawili: iwapo ulicho nacho ni kitu halisi, na iwapo kitu hicho kinakutukana. Tuanze na la kwanza, kwa sababu jibu lake ndilo litakalotufungulia la pili. Muuzaji na rafiki yako wanaonekana kupingana, kumbe wote wawili wana ukweli. Kwa jinsi ulivyoieleza, uwezekano ni mkubwa kwamba ni litografia halisi ya Daumier, yaani picha iliyochapwa kutoka kwenye jiwe alilolichora, na pia ni ukurasa wa gazeti. Rafiki yako alipokosea ni kudhani kwamba kuwa gazeti kunaiondolea uhalisi wake. Kwa mchoraji huyu, gazeti ndilo lilikuwa nyumba ya kazi zake.

Daumier alizaliwa Marseille mwaka 1808 na kufariki Valmondois, kaskazini mwa Paris, mwaka 1879. Katika maisha hayo alichora litografia zinazokaribia 4,000, nyingi mno zikiwa za magazeti, na hasa za *Le Charivari*, gazeti la kila siku lililoanzishwa na Charles Philipon mwezi Desemba 1832. Gazeti lilikuwa na kurasa nne na liliwaahidi wasomaji picha mpya kila siku. Picha hiyo kwa kawaida ilikaa ukurasa wa 3. Ndiyo maana ukigeuza karatasi yako unakutana na maandishi ya ukurasa wa 4. Maandishi hayo yaliyokutia wasiwasi ni ushahidi wa upande wako.

Sasa, litografia inafanyika vipi? Msingi wake ni kwamba mafuta na maji havipatani. Alois Senefelder, mtunzi wa tamthilia wa Munich aliyekuwa akitafuta njia rahisi ya kuchapa maandiko yake, aliigundua mwishoni mwa miaka ya 1790. Unachukua bamba la jiwe la chokaa, na lililo bora hutoka Solnhofen, Bavaria. Unalisugua kwa mchanga na maji mpaka uso wake unyooke lakini ubaki na chembechembe ndogo ndogo. Mchoraji anachora moja kwa moja juu ya jiwe kwa kalamu iliyotengenezwa kwa nta, sabuni na masizi. Mchapaji analipaka gundi ya mgunga iliyotiwa asidi kidogo ya nitriki, ili palipochorwa pashike mafuta na palipo wazi papende maji. Kisha analilowesha jiwe. Maji hukaa pasipochorwa na kuukimbia mstari wa kalamu, kama yanavyokimbia kwenye sufuria iliyopakwa mafuta. Anapopitisha rola yenye wino wa mafuta, wino unashika mchoro peke yake. Karatasi inawekwa juu, inapita chini ya shinikizo, na picha inatoka imegeuka, kushoto kumekuwa kulia.

Ukishaelewa hilo, suala la uhalisi linajijibu. Hakuna picha nyingine ya asili iliyolala kwenye makumbusho ambayo yako ni nakala yake. Mchoro ulikuwa juu ya jiwe, na jiwe likishamaliza kazi lilisuguliwa ili lichorwe picha nyingine. Karatasi zilizotoka kwa wasomaji ndizo kazi yenyewe, kila moja.

Bado nataka ujihakikishie kwa macho yako. Tafuta lenzi ya kukuza mara 10 na uangalie sehemu zenye kivuli, kwa mfano mikunjo ya gauni. Litografia ya jiwe itakuonyesha chembe za wino zisizo na mpangilio, nyingine nene nyingine hafifu, jinsi kalamu ilivyogusa punje za jiwe. Ukikuta nukta zimejipanga kwa safu, umbali ule ule, hiyo ni nakala iliyochapwa baadaye sana, hata kama karatasi imefanywa ionekane ya kale. Halafu geuza karatasi na umulike kwa tochi kutoka ubavuni. Maandishi ya gazeti yalichapwa kwa herufi za madini ya risasi ambazo hukandamiza karatasi, kwa hiyo mara nyingi utaona vibonyeo vidogo. Angalia pia pembezoni mwa picha, chini, ambako jina la mchapaji au mchapishaji huandikwa kwa herufi ndogo sana. Kwa mfululizo huu tarajia jina la Aubert au la Bauger wa mtaa wa Croissant. Na saini ya Daumier, zile herufi *h.D.*, huwa ndani ya mchoro kwa sababu iliandikwa juu ya jiwe. Kama kuna saini ya penseli nje ya picha, itilie shaka, maana Daumier hakuwa akikaa kusaini kurasa za gazeti kwa mkono.

Kuhusu thamani ya fedha, nitakuambia wazi. Kurasa za *Le Charivari* zimebaki nyingi, na bei yake sokoni mara nyingi ni makumi ya euro, si maelfu. Wakusanyaji hutafuta zaidi nakala zilizochapwa kando kwenye karatasi nyeupe nene, bila maandishi nyuma, ambazo ziliuzwa dukani kwa wapenzi wa picha, baadhi zikiwa zimepakwa rangi kwa mkono. Wino wake ni mzito zaidi na karatasi haijachoka. Lakini mimi, nikipewa nafasi ya kuchagua, huchukua ya gazeti. Ile nyeupe ilinunuliwa na mtu aliyetaka kupamba albamu. Yako ilipita mikononi mwa msomaji, pengine mkahawani, na matangazo ya nyuma yanakuambia msomaji huyo alidhaniwa kuwa na haja ya kununua nini.

Na msomaji huyo ndiye anayetupeleka kwenye swali lako la pili.

Daumier hakuanza na mabeseni ya kuogea. Alianza na mfalme. Mwaka 1831 alimchora Louis-Philippe kama jitu linalomeza kodi za maskini, na mwaka uliofuata akafungwa gereza la Sainte-Pélagie. Katikati ya Aprili 1834 wanajeshi waliingia nyumba namba 12 mtaa wa Transnonain, Paris, wakaua watu 12 waliokuwamo. Daumier akachora chumba cha kulala: baba katika vazi la kulalia, amekufa sakafuni kando ya kitanda, na chini ya mwili wake kuna mtoto. Polisi walizisaka nakala za picha hiyo. Naitaja kwa sababu mtu akitazama vibonzo vyake vya familia huweza kudhani huyu alikuwa mtu wa mizaha ya nyumbani tangu mwanzo. Chumba cha familia alichochora 1834 kilikuwa na damu.

Septemba 1835, baada ya jaribio la kumuua mfalme, serikali ilipitisha sheria kali za magazeti. Maandishi yaliweza kuchapwa kwanza na kushtakiwa baadaye, lakini picha sasa ilihitaji kibali kabla haijatoka. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba picha si maoni, ni tendo, kwa kuwa inayasemesha macho moja kwa moja. Tangu hapo siasa ilikufa kwenye ukurasa wa 3. Gazeti bado lilidaiwa picha kila siku, kwa hiyo Daumier na wenzake wakageukia yale ambayo mkaguzi angeyapitisha: mume na mke, mwenye nyumba na mpangaji, mwalimu na wanafunzi, hakimu na wakili, baba wa mjini aliyepeleka familia kijijini Jumapili. Gavarni, mwenzake katika gazeti hilo, alichora watoto wanaofichua siri za wazazi mbele ya wageni. Daumier alitoa *Mœurs conjugales*, mfululizo wa picha 60 za maisha ya ndoa, kuanzia 1839, kisha *Les Bas-Bleus* mwaka 1844, *Les Bons Bourgeois* na *Les Papas* kuanzia 1846.

Kuna jambo hapa ambalo huwa halisemwi vya kutosha. Louis-Philippe alijulikana kama mfalme wa mabwanyenye: mwanamume mwenye familia kubwa, aliyependa kuonekana na mwavuli kama mfanyabiashara yeyote wa Paris. Kwa hiyo kumcheka baba wa tabaka la kati, mwenye tumbo na kujiona, kulikuwa bado ni kuugusa utawala kwa mbali. Ndivyo ninavyozisoma picha nyingi za *Les Bons Bourgeois*.

Lakini siwezi kukuambia hivyo kuhusu picha yako. Ningependa, ila haingekuwa kweli. *Les Bas-Bleus*, yaani Soksi za Buluu, lilikuwa jina la kuwakejeli wanawake walioandika na kusoma. Mfululizo una picha 40, na karibu kila moja inasema jambo lile lile kwa njia nyingine: mwanamke akishika kalamu, nyumba inaharibika. Maneno ya chini ya picha yako yanasema kwamba mama yumo kwenye moto wa utunzi, mtoto yumo kwenye maji ya beseni. Miaka mitano kabla, kwenye *Mœurs conjugales*, mume analalamikia suruali yake isiyoshonwa na kumlaumu mwandishi wa kike George Sand kwa kuwafanya wake waache kushona. Ama talaka irudishwe, anasema, ama mwandishi huyo afutwe. Talaka ilikuwa imeondolewa Ufaransa mwaka 1816 na haikurudi hadi 1884. Wanawake walipoidai mwaka 1848, Daumier aliwachora nao kwa dhihaka, na mwaka 1849 akafanya hivyo kwa wanawake wasoshalisti.

Kwa hiyo kama umewahi kusikia kwamba Daumier alikuwa mtetezi wa haki, ni kweli, na haki hiyo ilikoma mlangoni. Alikuwa mtu wa jamhuri aliyefungwa kwa imani yake, na mtu huyo huyo hakuona tatizo la mke kuwa chini ya mume. Kifungu cha 213 cha sheria ya kiraia ya mwaka 1804 kilisema mume anatakiwa kumlinda mkewe, na mke kumtii mumewe. Mwanamke aliyeolewa hakuweza kuingia mkataba bila idhini ya mume. Mwandishi wa kike aliyetaka kuuza kitabu chake alikutana na ukuta huo. Kuwacheka watu kama hao kulikuwa salama. Mkaguzi hakujali, na msomaji aliyelipia gazeti, ambaye mara nyingi alikuwa bwana wa tabaka lile lile, alifurahi kuambiwa kwamba hofu yake ina msingi.

Rudi kwenye picha yako na ujiulize jambo moja: baba yuko wapi? Hayumo. Nyumba ina mtoto anayezama na mtu mzima mmoja tu anayelaumiwa. Kejeli nzima inasimama juu ya kutoulizwa kwa swali hilo, na msomaji wa 1844 hakuliuliza. Wewe umeliuliza bila kujua, pale uliposema kwamba picha hii ililetwa nyumbani na mume aliyekuwa akisherehekea tasnifu yako.

Kuna mawili zaidi unayopaswa kuyajua kabla ya kuamua. La kwanza: maneno ya chini huenda si ya Daumier. Katika ofisi za *Le Charivari*, Philipon na waandishi wengine ndio waliotunga sehemu kubwa ya maneno hayo. Funika maandishi kwa kipande cha karatasi kisha utazame tena. Mimi nikifanya hivyo naona mtu aliyezama katika kazi kwa namna ambayo mchoraji aliijua vizuri, kwani naye aliishi kwa kukimbizana na saa ya gazeti. Huo ni mtazamo wangu, na huenda wewe usiuone hivyo.

La pili: mwaka 1848, ufalme ulipoanguka, Daumier aliingia shindano la kuchora sura ya Jamhuri. Akachora mwanamke mwenye nguvu ananyonyesha watoto wawili, na miguuni pake mtoto wa tatu amejiinamia kwenye kitabu, anasoma. Rasimu hiyo iko Musée d'Orsay, Paris. Katika miaka ya 1860 alipaka rangi mfuaji nguo anayepanda ngazi kutoka mto Seine na mzigo wake, amemshika mkono mtoto mdogo anayejivuta juu ya ngazi zilizo ndefu kuliko miguu yake. Hakuna kejeli kwenye picha hizo. Daumier alimheshimu mama aliyefanya kazi kwa mikono. Akamcheka mama aliyefanya kazi kwa kalamu. Naona ni upofu wake, na sioni sababu ya kumfichia.

Niitundike au niifiche? Ukweli ni kwamba zote mbili ni sawa, na hata kuiuza si dhambi. Ikiwa kila asubuhi inakuchoma kabla hujafungua kompyuta, iweke kwenye folda na usijilaumu. Unajibana vya kutosha. Ikiwa unaweza kuitazama kama ushahidi wa jinsi wanawake wa mwaka 1844 walivyosemwa kwa kuandika, nayo ikawa na maana mezani pako, itundike. Ninachokushauri kwa nguvu ni uwaeleze watoto wako. Mtoto akiona miguu juu ya beseni atauliza kama yule mtoto alikufa na kama mama yake ni mbaya. Ajibiwe na wewe, akiwa mapajani pako.

Sasa matunzo. Wino wa litografia umetengenezwa kwa masizi, kwa hivyo haupauki kirahisi. Kinachoteseka ni karatasi. Umanjano unatokana na umri, mwanga na asidi, mara nyingi asidi ya kadibodi mbaya ya fremu ya zamani. Madoa ya kahawia hutokana na unyevu, kuvu au chembe za chuma ndani ya karatasi. Jiki ingeyafifisha kwa muda na kuzivunja nyuzi za karatasi. Baada ya miaka michache ukurasa ungekuwa unakatika kama biskuti kavu. Kuugandisha kwenye kadibodi kungeufunika ukurasa wa 4, na gundi yenyewe ingeleta madoa mapya. Usipige pasi. Usitie selotepu. Usiipeleke kufanyiwa laminesheni.

Mpelekee mtengeneza fremu aliyezoea kazi za karatasi na umwambie mambo matatu: kadibodi isiyo na asidi mbele na nyuma, kioo kinachozuia miale ya jua, na karatasi ishikwe juu kwa vipande vidogo vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, ambayo hutoka kwa maji kidogo siku ukitaka. Kati ya picha na kioo pabaki nafasi. Kama anaweza kukuachia dirisha nyuma ya fremu ili ukurasa wa 4 usomeke, mlipe hiyo ziada. Itundike mbali na jiko, bafu na rejeta ya kupasha joto chumba, kwenye ukuta usiopigwa na jua. Makumbusho huweka kazi za karatasi kwenye mwanga wa karibu lux 50, ambao ni hafifu kuliko sebule nyingi, na huzipumzisha gizani. Nawe itoe ukutani miezi kadhaa kila mwaka.

Kama unataka kulinganisha, Maktaba ya Kifalme ya Ubelgiji, KBR, iko hapo hapo Brussels na ina idara ya chapa na michoro. Waandikie kwanza uulize utaratibu wa kuona chapa za Daumier.

Na kuna hali ambazo ushauri wa maandishi haufai, inabidi mhifadhi wa karatasi aushike ukurasa kwa mikono yake: ukiona ukungu wenye unga au unanusa harufu ya uvundo, ikiwa tayari umegandishwa kwenye kitu, ikiwa mikunjo imeanza kukatika, au kuna selotepu ya zamani. Ukungu ukiwapo, utie ukurasa kwenye bahasha ya karatasi, uutenge na vitabu vyako, wala usiupanguse. Selotepu usiibandue mwenyewe, maana huondoka na uso wa karatasi pamoja na wino. Mhifadhi mzuri atakuambia pia pale ambapo gharama ya matibabu inazidi bei ya ukurasa, na kwa kurasa za gazeti hilo hutokea mara nyingi. Mwombe akuandikie atakachofanya na gharama yake kabla hujamwachia karatasi.